Kabla Uulize Bei ya Ozempic

Wasee, tuongee ukweli. Fungua TikTok saa hii, utapata watu wakielezana vile Ozempic inamaliza kitambi. Ati ni dawa ya masupastaa. Zii. Ni dawa ya kisukari. Marekani iliiidhinisha mwaka 2017 kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili, yaani wale ambao insulini ya mwili haitoshi ama haifanyi kazi vizuri.

Lakini hata si hiyo inaniuma zaidi. Kinachoniuma ni vile tunapigia makofi kila dawa mpya kama vile ya zamani tayari imefikia kila mtu.

Mambo mapya yapo, na ni makubwa. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa ya kwanza inayochelewesha kisukari cha aina ya kwanza. Mwaka 2025 wanasayansi walitoa matokeo ya watu 12 waliowekewa seli za kutengeneza insulini zilizokuzwa maabarani. Baada ya mwaka mmoja, 10 kati yao hawakuhitaji kujidunga tena. Hiyo ni moto, sikatai.

Sasa rudi nyumbani. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 ikadungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa. Waliyoigundua wakauzia chuo kikuu chao haki zake kwa dola moja moja, ndio isije ikawa biashara ya wachache. Miaka 100 na ushee baadaye, bado kuna mzazi hapa Kenya anafika hospitali ya umma na kuambiwa, "Imeisha, nunua nje."

Kuna wale watasema dawa mpya huanza kwa matajiri, bei itashuka tu. Bana, insulini imepewa karne nzima ishuke. Tungoje ingine?

Na tafadhali usiniletee ile ya "wangeacha sukari." Aina ya kwanza haiji na soda. Kinga ya mwili inashambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto hajakosea kitu. Akikosa insulini, anakufa. Kwa hivyo yule anauza mitishamba kwa mtandao akiambia watu watupe sindano, huyo si daktari wa asili. Huyo anaua.

Tuache kuuliza nani amepungua. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, na 2027 watakuja mtaani kwenu na fulana na unga. Usiulize gavana atajenga nini. Muulize swali moja tu: insulini, sindano na vile vikaratasi vya kupima sukari viko kwa hospitali zake leo, ama haviko? Akianza hadithi ndefu, ushajua jibu.