Wakala wa Akili Mnemba Hajui Mbuyu Wenu

Muulize mtu wa Tiwi njia ya kwenda ufuoni. Atakwambia: shuka stejini, fuata barabara hadi kwa ule mbuyu, kisha kata kushoto. Wewe mwenyeji utafika. Mgeni aliyevuka feri ya Likoni leo kwa mara ya kwanza ataona mibuyu kadhaa, abaki njia panda akikuna kichwa. Hakudanganywa. Ameelekezwa tu na mtu anayedhani kila mtu anajua anachokijua yeye.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunaounda programu tunavyoandika maelezo yake, tena pale tunapoandika. Mara nyingi hatuandiki kabisa.

Zamani hili lilivumilika. Programu yako ikimshinda mwenzako, alikutumia ujumbe: "Bro, hii tarehe inajazwaje?" Ukamjibu, maisha yakaendelea. Siku hizi anayebisha hodi ni wakala wa akili mnemba (si yule wa M-Pesa pale kibandani), yaani programu inayopewa kazi na mtu, kisha yenyewe inaziita programu nyingine ili kuikamilisha. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, na kumkabidhi wakala chombo chako kukawa rahisi. Lakini elewa anachokiona: jina la chombo, maelezo uliyoandika, na orodha ya vitu vya kujaza. Msimbo wenyewe kwa kawaida haoni. Nambari yako ya simu hana. Asipoelewa, mara nyingi hatauliza. Atakisia, tena kwa kujiamini.

Rafiki yangu huku Tiwi aliunda mfumo mdogo wa kuitisha tuktuk kwa wageni wa nyumba za ufuoni. Kwenye sehemu ya muda, maelezo yake yalikuwa neno moja tu: "saa". Mwenye nyumba akamwambia wakala, kwa Kiswahili chetu cha kawaida, aite tuktuk ya saa mbili asubuhi. Wakala akajaza 02:00. Tuktuk ikapiga honi langoni saa nane usiku, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Tulicheka sana. Dereva hakucheka, alikuwa ametoka Ukunda kwa mafuta yake na akarudi bila nauli.

Kosa la nani? Mimi namlaumu aliyeandika neno moja. Sentensi moja ingetosha: "Andika kwa mtindo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, saa mbili asubuhi ni 08:00."

Kwenye pesa mambo ni mazito zaidi. Safaricom ilizindua Daraja mwaka 2017, miaka 10 baada ya M-Pesa yenyewe, na vijana wengi wamejenga juu yake. Ukituma ombi la kumtokezea mteja dirisha la PIN, majibu huja mara mbili. La kwanza likiwa na 0, maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Matokeo ya malipo hufuata baadaye kwenye anwani uliyoitoa. 1032, kwa mfano, humaanisha mteja amelikatiza ombi. Sasa wewe umekiita chombo chako "lipa", na maelezo yako yanasema "hulipisha mteja". Wakala akiona 0 atamwambia mwenye duka pesa zimeingia, ilhali mteja bado anatafuta miwani aone pa kuweka PIN. Jibu likichelewa, huenda akatuma ombi la pili, na mteja akalipa mara mbili. Nani atarudisha hizo pesa?

Kwa hiyo andika kwamba 0 si malipo. Andika kwamba asirudie ombi kabla ya kuuliza hali ya lile la kwanza. Andika kwamba nambari ianze na 254, si 07. Na ujumbe wa "hitilafu imetokea" uutupe. Haumsaidii mtu wala mashine. Sema kilichokosewa na namna ya kukirekebisha.

Najua kuna atakayesema AI yenyewe itamwandikia maelezo. Sawa, itakuandikia rasimu nzuri tu. Lakini haiwezi kujua kwamba ile 4,000 ni bei ya nyumba nzima kwa usiku mmoja, wala si ya kila kichwa, kama hukuandika popote. Hilo liko kichwani mwako, kama ule mbuyu.

Kabla hujamkabidhi wakala yeyote chombo chako, mpe maelezo hayo binamu yako wa Msambweni ambaye hajawahi kukiona. Kaa kando, funga mdomo. Swali la kwanza atakalouliza, liandike pamoja na jibu lake, kisha mpe tena.