Uwanja Usio na Bwana Nao Una Gharama

Kitu kinachotolewa bure hakikosi mlipaji. Maji ya bomba la kijiji yana gharama hata pale mtekaji asipodaiwa senti: yupo aliyenunua pampu, yupo anayenunua dizeli, na yupo fundi anayeamka usiku kuziba bomba lililopasuka. Siku watu hao wakichoka, kijiji kizima hurudi mtoni. Jambo tunalotaka kulitafakari safari hii ni la namna hiyohiyo, ingawa halionekani kwa macho. Nalo ni mitandao ya kijamii, yaani viwanja vya mazungumzo vilivyomo ndani ya simu zetu, na hasa juhudi za kujenga viwanja visivyo na bwana mmoja.

Mitandao mikubwa tuliyoizoea inaendeshwa kwa fedha za matangazo ya biashara. Mfanyabiashara hanunui picha ya arusi tuliyowatumia ndugu zetu. Ananunua nafasi ya kutufikia, na mwenye mtandao humwuzia nafasi hiyo kwa kuwa anatujua: tunapenda nini, tunaogopa nini, tunasoma nini usiku. Katika soko hilo mnunuzi ni mwenye tangazo, mwuzaji ni mwenye mtandao, nasi ndio tunaopimwa kwenye mizani. Aidha, uwanja ulio mali ya mtu mmoja hubadilika kwa amri ya mtu mmoja. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44. Katika muda mfupi wafanyakazi wengi waliachishwa kazi, kanuni zikabadilishwa, na Julai 2023 hata jina likabadilika kuwa X. Hatusemi kwamba kila badiliko lilikuwa baya. Tunasema kwamba mamilioni ya watu waliobadilishiwa hawakuulizwa.

Wapo waliotafuta njia nyingine. Mwaka 2016 Eugen Rochko, kijana aliyekuwa akiishi Ujerumani, alianzisha Mastodon. Hii ni programu huria: maandishi yanayoiongoza kompyuta yako wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Wala haina makao makuu mamoja. Chuo, chama au kikundi cha marafiki wanaweza kuweka seva yao, yaani kompyuta inayopokea na kuhifadhi ujumbe, wakajitungia kanuni zao, na bado wakazungumza na watu wa seva nyingine, kama vile barua pepe inavyotoka kampuni moja na kupokelewa na nyingine. Kanuni za pamoja zinazowezesha mazungumzo hayo huitwa ActivityPub. W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, lilizipitisha Januari 2018. Mtu asiyeridhika na msimamizi wake anaweza kuhama, na wafuasi wake wakahamia pamoja naye, ijapokuwa maandishi yake ya zamani hubaki kule alikotoka.

Mpango huo ni mzuri. Lakini haukuondoa gharama, umezigawa tu. Kila seva huhifadhi nakala za ujumbe unaotoka seva nyingine, kwa hiyo kadiri wanachama wake wanavyofuata watu wengi, ndivyo ghala linavyojaa na ankara inavyopanda. Juu ya mashine kuna kazi ya watu: kurekebisha kasoro, kusikiliza malalamiko, kuwafukuza matapeli na wachochezi. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja au wawili wa kujitolea, baada ya saa za ajira zao. Kujitolea ni fadhila. Lakini aliyejitolea naye huugua, hufiwa na huchoka. Seva kadhaa zimefungwa kwa sababu za namna hiyo, na waliokuwa humo wakalazimika kufungasha.

Historia fupi ya juhudi hizi inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, mchango wa shauku ya siku moja hautoshi. Mwaka 2010 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha New York waliomba dola 10,000 ili wajenge mtandao walioupa jina Diaspora. Watu zaidi ya 6,000 wakawapa zaidi ya dola 200,000. Fedha zilikuja kwa mkupuo, na pamoja nazo yakaja matumaini makubwa kuliko nguvu za vijana wanne. Agosti 2012 mradi ulikabidhiwa kwa jumuiya ya watu wanaojitolea. Haukufa, lakini haukuwa tena yule mshindani wa Facebook aliyetarajiwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wingi wa watu. Rochko alieleza Desemba 2022 kwamba watumiaji wa Mastodon kwa mwezi walipanda kutoka takriban 300,000 hadi milioni 2.5 kati ya Oktoba na Novemba mwaka huo. Katika miaka iliyofuata idadi hiyo ikashuka hadi chini ya milioni moja. Mvua ya siku moja hufurisha mto, lakini haijazi kisima.

Pili, wanaofaidi sana si wanaochangia sana. Fundisho hili linatoka nje kidogo ya mitandao ya kijamii, lakini linaihusu kila programu huria. Aprili 2014 iligunduliwa kasoro kubwa, iliyopewa jina Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Ndipo ulimwengu ulipofahamu kwamba kazi hiyo, iliyotegemewa na makampuni tajiri kuliko yote duniani, ilikuwa ikipokea michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka, na kwamba aliyeifanya kwa muda wake wote alikuwa mtu mmoja. Makampuni yalijitokeza na mamilioni ya dola baada ya hatari kujulikana. Je, ni haki kwamba mlinzi alipwe baada tu ya nyumba kuvunjwa?

Tatu, hata taasisi zenye uwezo hujaribu bila kujifunga. Aprili 2022 ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi katika Umoja wa Ulaya ilifungua seva ya Mastodon ya majaribio kwa ajili ya taasisi za Umoja huo. Mei 2024 ilifungwa, kwa kuwa haikupatikana taasisi nyingine ya kuipokea na kuiendesha. Desemba mwaka huohuo Mozilla nayo ikaifunga seva yake. Hatuwezi kusema kwamba Umoja wa Ulaya ulikosa fedha za kompyuta chache. Kilichokosekana ni mwenye kusema: jukumu hili ni letu.

Baadhi ya watu watauliza: kwa nini wasiitwe wawekezaji? Mwishoni mwa mwaka 2022 Rochko alilieleza gazeti la Financial Times kwamba alikwisha kuwakatalia wawekezaji zaidi ya watano wa Marekani. Bluesky ilishika njia nyingine. Nayo imejengwa juu ya kanuni za mawasiliano zilizo wazi, na kisheria ni kampuni yenye wajibu kwa manufaa ya umma. Lakini ilipokea kutoka kwa wawekezaji dola milioni 8 mwaka 2023 na milioni 15 mwaka 2024. Imekua upesi, na mapema mwaka 2025 ilikwisha kupita watumiaji milioni 30. Hatuihukumu. Tunakumbusha tu kwamba mwekezaji hupanda akitazamia kuvuna, na siku ya mavuno atauliza shamba ni la nani.

Hata hivyo, kumkataa mwekezaji hakutoshi kuufanya uwanja kuwa wa wote. Kwa miaka mingi Mastodon yenyewe ilimtegemea mno mwanzilishi wake. Mwaka 2024 mamlaka za Ujerumani ziliiondolea hadhi ya shirika la manufaa ya umma. Januari 2025 ilitangazwa kwamba umiliki utahamishiwa kwenye chombo kisicho cha mtu mmoja, na Novemba 2025 Rochko aliachia uongozi mkuu. Tunauona uamuzi huo kuwa wa busara. Mali ya wote inayoshikwa na mkono mmoja, hata ukiwa mkono mwema, bado haijawa mali ya wote.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 2014 Facebook, ikishirikiana na makampuni ya simu, ilileta Tanzania na Kenya mpango wa kufungua mtandao wake na huduma chache teule bila mtumiaji kukatwa fedha za bando. Kwa mtu maskini ulikuwa msaada. Lakini mlango mmoja ukiwa bure na mingine yote ikilipiwa, je, maskini amechagua mlango au amechaguliwa? Tena, Februari 2022 jarida la Time lilieleza habari za vijana waliofanya kazi Nairobi kwa Sama, kampuni iliyopewa zabuni na Facebook. Walitazama picha za mauaji na ubakaji ili ziondolewe kabla hazijatufikia sisi, na wengine walilipwa takriban dola moja na nusu kwa saa. Mei mwaka huo mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua shauri katika mahakama ya Kenya. Usafi wa uwanja tunaoutumia bure ulilipiwa kwa usingizi wa vijana hao. Viwanja vipya visiurithi udhalimu huo kwa kuubatiza jina la kujitolea.

Kutokana na hayo, tunapenda kuwashauri wasomaji wetu, na hasa viongozi wa walei, mambo yafuatayo.

Anayetumia achangie, na achangie kwa utaratibu. Kidogo cha kila mwezi kina faida kuliko kikubwa cha mara moja, kwa maana fundi hula kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Mfano upo: social.coop, seva inayoendeshwa kwa mfumo wa ushirika, wanachama wake huchanga ada na kushiriki katika kuamua mambo yake. Waliowahi kukaa katika chama cha akiba na mikopo hawatauona mfumo huo kuwa mgeni.

Anayechangia adai hesabu. Tuulize fedha zimetoka kwa nani, zimetumika kwa nini, na nani ana kauli ya mwisho. Uwanja usio na bwana lakini usio na katiba ni uwanja unaomngoja bwana.

Mchango usigeuzwe kuwa kiingilio. Asiye na fedha asifungiwe nje. Anayejua Kiswahili sanifu na atafsiri; mwenye uwezo wa kufundisha na afundishe; mwenye busara ya kupatanisha na asaidie kusimamia mazungumzo. Lakini kazi ya kudumu, na hasa ile ya kutazama maovu kwa niaba ya wengine, ilipwe ujira wa haki.

Serikali na taasisi kubwa zibebe sehemu yao. Mwaka 2022 Ujerumani ilianzisha mfuko wa umma wa kugharimia programu huria za msingi. Barabara haijengwi na waendesha baiskeli peke yao. Ila fedha ya umma itolewe kwa masharti yaliyo wazi, isije ikamnunulia mtawala ufunguo wa vinywa vya watu.

Mwisho, tusipime kukua kwa wingi wa vichwa tu. Seva ya watu mia tano wanaojuana, wanaochanga, na ambao wamekwisha kumwandaa msimamizi wa pili kabla wa kwanza hajachoka, imekua kweli.

Wasomaji wapendwa, mkono mtupu haulambwi. Ukitaka sauti yako isiuzwe, huna budi kusaidia kulipia mahali inaposikika. Kila kikundi kinachofikiria kuhamishia mazungumzo yake katika uwanja wa namna hii kijiulize kwanza, kabla ya kufungua akaunti hata moja: nani atalipa, nani atatunza, na nani atapokea kazi siku mtunzaji wa leo atakaposema, jamani, nimechoka?