Gundi ya Kope na Haki ya Mkono Unaoishika



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya mashine, miwa, saruji na mishahara. Leo tunazungumza juu ya gundi ya kubandikia kope za bandia. Asicheke mtu. Dada zetu na mabinti zetu wa Busia na Tororo wanapata riziki katika saluni, na saluni ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo mahali pa kazi.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Mbandikaji humlaza mteja na kumfumbisha macho. Kisha kwa kibano huchukua ukope mmoja mmoja wa bandia, huuchovya katika gundi na kuubandika juu ya ukope wa asili. Kazi hii huchukua hata saa mbili, na muda wote huo mbandikaji ameinama juu ya gundi. Gundi iliyozoeleka ni ya jamii ya sianoakrileti, ile inayogandisha vidole mara moja. Hukauka kwa unyevu wa hewa, na mvuke wake huwasha macho na pua. Baadhi ya watu wanaouvuta siku baada ya siku hupata pumu.

Sasa imetokea gundi ya taa. Ndani yake mna kemikali inayoamshwa na mwanga. Taa ndogo ya buluu au ya zambarau ikimulika, gundi hukauka kwa sekunde chache. Wauzaji wanaisifu kwamba haina mvuke wala mzio. Upo ukweli kidogo katika sifa hizo, kwani gundi inayokauka upesi hutoa mvuke mchache. Lakini faida hiyo ni ya mteja zaidi. Mteja huenda nyumbani na gundi iliyokwisha kukauka. Mfanyakazi hubaki na ile mbichi kutwa nzima, na mbichi ndiyo yenye madhara makubwa.

Fundi aliyewahi kukoroga saruji atatuelewa upesi. Katika saruji mna kromi. Fundi anaweza kuishika miaka mingi bila shida, kisha siku moja mikono ikaanza kuwasha na kupasuka. Tangu siku hiyo saruji kidogo tu humrudishia ugonjwa. Ngozi ikishaikataa kemikali, haisahau. Ndivyo zilivyo akrileti za gundi. Tena mwenye mzio huu anaweza kupata taabu hata kwa daktari wa meno, kwa sababu dawa za kuzibia meno hutengenezwa kwa kemikali za jamii hiyo hiyo. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa onyo juu ya akrileti katika kucha za bandia. Glavu nyembamba si kinga ya kutosha, kwani akrileti huzipenya kwa dakika chache.

Kuna jambo la pili. Mojawapo ya kemikali zinazoamshwa na mwanga huitwa TPO. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeipiga marufuku katika vipodozi tangu tarehe 1 Septemba 2025, kwa kuhofia kwamba inaweza kudhuru uzazi. Hatutaki kumtisha mtu bure. Ushahidi huo umetokana na majaribio ya wanyama, na aliyebandikwa kope mara moja hana sababu ya kukosa usingizi. Lakini tunauliza: kitu kilichokatazwa kwa wanawake wa Paris na Berlin, kwa nini kiwe halali kwa msichana wa Malaba? Na shehena iliyokosa soko huko itauzwa wapi?

Wengine watasema kwamba sheria ipo. Ni kweli. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Uganda ina yake ya mwaka 2006. Kenya ina pia sheria ya fidia kwa aliyeumia kazini, ya mwaka 2007. Lakini fidia ni ya mwajiriwa. Dada zetu wengi hukodi kiti tu. Mwenye saluni huchukua kodi ya kiti au sehemu ya mapato, kisha husema, "Huyu si mfanyakazi wangu." Basi pumu ikimpata ni yake, mikono ikipasuka ni yake, na kiti hupewa mwingine kesho yake. Wenzetu wa vibarua mashambani wanaufahamu wimbo huu.

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

La kwanza, chupa yoyote ya gundi isiyotaja vilivyomo, katika lugha tunayoisoma, isiuzwe. Mashirika ya viwango ya nchi zote mbili yaipime na kutangaza kama ina TPO.

La pili, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa na marais wawili Februari 2018 ili bidhaa zipite upesi. Kitumike pia kukagua bidhaa hizi kwa pamoja, zisikataliwe upande mmoja zikapitia upande wa pili.

La tatu, kila saluni iwe na madirisha yanayofunguka, glavu nene zinazobadilishwa mara kwa mara, na miwani ya kukinga mwanga wa taa. Gundi mbichi isiguse ngozi hata kidogo. Gharama hizi zisitolewe na mkodi wa kiti peke yake.

La nne, chama chetu kiwafungulie mlango wabandikaji wa kope, wasusi na wapaka kucha, wawe wameajiriwa au wamekodi viti. Anayeuza jasho lake ni mfanyakazi, hata akiitwa jina gani.

Ndugu, leo jioni muulize binti yako anashika gundi gani na chupa yake imeandikwa nini. Kama hajui, mlete kwenye mkutano wa tawi. Umoja wetu usiishie kwenye lango la kiwanda.