Puli Nyepesi Haipandishi Mlima wa Tukuyu

Barabara ya kutoka Kasumulu kwenda Uyole inaanzia chini ya meta 600 kutoka usawa wa bahari, jirani na Ziwa Nyasa, inapita Tukuyu na Kiwira, kisha inavuka mgongo wa Uporoto uliozidi meta 2,000. Kule juu hewa imepungua kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na tabo inapungukiwa na nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Si ajabu basi kwamba wenye magari wa ukanda huu, kuanzia vijana wenye Chaser na Mark II zenye injini ya 1JZ hadi wenye Hiace za abiria, wanatamani nguvu zaidi. Wauza spea wanawatangazia vitu viwili: puli ya krenki ya aluminiamu, nyepesi na mara nyingi ndogo kuliko ya kiwandani, na silinda hedi mpya ya watengenezaji wengine. Kwa barabara hii puli hiyo haifai, na hedi hiyo inafaa kwa sharti moja tu, kwamba ipimwe kabla ya kufungwa.

Puli ya kiwandani ya injini kama 1JZ-GTE ina kazi kubwa kuliko kuzungusha mkanda. Ni vipande viwili vya chuma, kitovu na duara la nje, vilivyoshikanishwa kwa mpira. Kila silinda inapowaka, krenki husokoteka kidogo na kujirudi, na ikifika kasi fulani misokoto hiyo hupandana mpaka chuma kinachoka. Jambo hili liliwasumbua wahandisi mwanzoni mwa karne ya 20, pale injini ndefu za silinda sita zilipoanza kuvunja krenki, na Mwingereza Frederick Lanchester akabuni kifaa cha kuuzima mtetemo huo. Mpira ule wa kwenye puli unafanya kazi hiyohiyo. Ukiweka mahali pake kipande kimoja kigumu, mtetemo unabaki ndani ya krenki, na pampu ya oili iliyofungwa mbele yake inapigwa nao kila dakika.

Faida inayotajwa ni uzito uliopungua. Lakini wepesi wa puli husaidia pale tu injini inapoongeza kasi. Mlimani gari linapanda kwa gia ya pili, mizunguko ikibaki karibu palepale kwa muda mrefu, na hapo kilo moja au mbili zilizopunguzwa hazisukumi chochote. Puli ndogo ina madhara zaidi, kwa sababu faida yake yote inatokana na kuzungusha alteneta na, kwenye injini nyingi, pampu ya maji na feni polepole zaidi. Gari lililojaa mchele na ndizi, likipanda taratibu kutoka kwenye joto la Kyela, kule chini karibu na ziwa, bila upepo wa kutosha kwenye rejeta, linahitaji maji yazunguke kwa kasi. Likichemsha, kinachoharibika kwanza ni gasketi ya hedi, kisha hedi yenyewe. Anayefunga puli ndogo leo anajitengenezea safari ya kwenda kununua hedi kesho.

Wapo watakaojibu kwamba magari ya mashindano nayo hufunga puli zisizo za kiwandani. Ni kweli, ila tuangalie wanachofunga. Baadhi ya mbio za magari za Marekani huyataka magari yenye kasi kubwa yawe na dampa, yaani kifaa cha kuzima mtetemo, iliyofaulu kipimo cha SFI 18.1, na dampa nyingine, kama Fluidampr, hutumia silikoni nzito badala ya mpira. Hao wanaotafuta nguvu kuliko sote wanalipa fedha nyingi ili mtetemo uzimwe. Nakubali kuwa zipo injini ndogo zenye krenki fupi zinazotoka kiwandani na puli ngumu. Mwenye injini ya aina hiyo hana neno.

Jambo linalonitia hofu zaidi, hata kwa anayebaki na puli yenye mpira, ni breki. Kwenye injini za dizeli za Toyota kama 2L na 3L, pampu inayoipa busta ya breki nguvu imefungwa nyuma ya alteneta, na alteneta inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki. Puli ambayo mpira wake umechakaa ikiachana, mkanda unatoka, na dereva anabaki na mikanyago michache kabla pedali haijawa ngumu. Kwenye mteremko wa kurudi Kyela, hayo ni maisha ya abiria.

Kuhusu hedi, sina ugomvi na hedi isiyo ya kiwandani. Hedi za 1KZ-TE zilipasuka sana hata zikiwa za Toyota, na kampuni nyingine zimetengeneza mbadala mzuri. Kosa ni kuitoa kwenye boksi na kuifunga papo hapo kwa kuwa ni mpya. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, hivyo kasoro ndogo ya uso huonekana injini ikipata moto. Fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kwa urefu na kwa mshazari, aingize fila geji chini yake. Kwa injini nyingi nafasi ikizidi sehemu ya kumi ya milimita, hedi hiyo irudi dukani au ikasagwe. Boliti zikazwe kwa spana ya toki, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua.

Itasemwa kwamba vifaa hivyo ni ghali kwa gereji ya chini ya mwembe. Rula, fila geji na spana hiyo vinaweza kununuliwa na mafundi watatu kwa pamoja, na vitatumika kwa mamia ya magari. Kwa puli gharama ni ndogo zaidi: mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu, juu ya mpira, hadi kwenye duara la nje. Siku mstari huo ukionekana umekatika, mpira umeteleza, na gari hilo lisipandishwe Tukuyu kabla puli haijabadilishwa kwa nyingine yenye mpira.