HELB si bonasi ya majani chai

Unaijua ile siku. Uko darasani, au hata hujaamka, simu inatetemeka na unaona neno HELB likifuatwa na tarakimu. Kabla hujaisoma meseji hadi mwisho, grupu ya WhatsApp ya darasa imeshawaka: "Imeingia! Imeingia!" Jioni hiyo ukipita King'ong'o au Skuta hapa Nyeri, vibanda vya chips vimejaa, kinyozi ana foleni, na yule msee aliyekuomba chumvi jana anaagiza kuku mzima.

Wakubwa hutuambia tumeharibiwa na chuo. Mimi sikubali. Sisi watoto wa Mlima Kenya tuliyaona haya nyumbani kabla hatujajua chuo ni nini. Kama umelelewa Othaya, Tetu au Mathira, unaijua bonasi. Mkulima wa majani chai hulipwa pesa kidogo kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka, halafu mara moja kwa mwaka, mwezi wa Oktoba hivi, bonasi ya KTDA inaingia. Wiki hiyo wauza makochi na magodoro hupanga bidhaa kando ya barabara, baa zinafungulia muziki saa nne asubuhi, na kuna mzee ambaye boma lake halimwoni hadi Jumatano. Ikifika Desemba, boma hilo hilo linakopa unga dukani.

Lakini katika boma hilo kuna pia mathe. Huyo akifanikiwa kuishika bonasi, hata sehemu yake tu, haimfikishi jioni ikiwa pesa. Anailipa karo ya Januari, ananunua mabati, anashika ndama, anamaliza deni la chama. Hajasoma kitabu chochote cha fedha. Anajua tu kwamba noti zikikaa ndani ya nyumba, kila mtu atapata sababu ya kuzihitaji.

Nilimwona akifanya hivyo miaka yote ya utotoni, na bado nilipofika chuo nikaishi kama baba wa bonasi.

Pesa yangu ya kujikimu ilikuwa elfu kumi na sita kwa muhula. Muhula wa pili wa mwaka wa pili nilinunua viatu vya elfu tano na mia tano, vya kubandikwa nembo tu, vilivyofunguka soli kabla ya mitihani. Jumamosi moja nikaweka elfu tatu kwa mechi. Iliyobaki sikumbuki, na hilo ndilo huniuma zaidi. Wakati wa kuchukua kadi ya mtihani ulipofika, nilikuwa na salio la karo la elfu nane na mia tatu. Piga hesabu ya viatu na mechi. Niliaibika kupigia watu simu, nikasema nitarudi muhula unaofuata. Sikurudi. Deni la HELB nalo halikuacha masomo pamoja na mimi. Linanifuata na riba yake ya asilimia nne kwa mwaka.

Kwa hivyo mtu akikuletea ile kanuni ya asilimia hamsini matumizi, thelathini starehe, ishirini akiba, mwambie asante na uendelee na safari. Hiyo ni ya mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Tuseme umepata elfu kumi na sita kama zangu, na chumba ni elfu mbili na mia tano. Miezi minne, elfu kumi imeenda. Unabaki na elfu sita za wiki kumi na sita. Hiyo ni mia tatu sabini na tano kwa wiki. Ni pesa ya kunusurika, wala usijilaumu kwamba huweki akiba ya maana kutoka hapo. Akiba yako ni kufika kwenye mtihani.

Sasa fanya alivyofanya mathe. Siku hiyo hiyo, kabla hujanyolewa, mlipe mwenye ploti muhula mzima. Atashangaa, na wengine hupunguza kidogo ukiwaomba vizuri. Lipa salio la karo, hata kama halijaitishwa. Panda matatu uende soko la Karatina ukanunue maharagwe na mahindi kwa gorogoro, viazi kwa ndoo, na ujaze gesi. Mtungi uliojaa huwezi kuuweka kwa mechi saa sita usiku. (Najua, kuna mtu atauuza mtungi. Huyo tumwombee.)

Kile kidogo kinachobaki usikiache kwa simu yako. Humo ndimo Fuliza inakaa: inakukata asilimia moja ukiichukua, kisha ada ya kila siku ukichelewa, na pesa yoyote inayoingia inaanza kwa kuilipa yenyewe. Humo pia ndimo ndege ya Aviator inapaa usiku kucha. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku thelathini, lakini hosteli niliyokuwa nikitembelea hapa mjini haikulala mapema hata siku moja.

Rafiki yangu mmoja anayesoma kule Kutus humtumia mamake zote. Kila Jumapili jioni mama anamrudishia mia nne. Siku za kwanza alilia, akasema anatendewa kama mtoto wa darasa la nne. Leo yuko mwaka wa nne na hajawahi kukosa kadi ya mtihani. Kama mzazi wako mwenyewe ni wa bonasi, tafadhali usimpe. Kuna akaunti ya kufungia pesa ndani ya M-Shwari, kuanzia shilingi mia tano, kwa mwezi mmoja hadi sita. Ama wanne mnaoishi ploti moja muunde chama, kila mmoja atoe hamsini kwa wiki, na mweka hazina awe yule mnayemwogopa. Shosho zetu walikuwa na ngwatio, leo tunalima kwako, kesho kwangu, na hakuna aliyethubutu kukosa zamu yake, kwa sababu jembe lake lingekosekana mbele ya watu.

Mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza Chuka mwezi ujao. Tumeelewana kwamba meseji ikiingia, ananipigia mimi kabla ya kujibu grupu ya darasa. Gunia la kubebea nimeshanunua.