Usiulize "Kwa Siku Ni Ngapi?"

Vijana wa Kathonzweni, sisi hushangaza. Mnunuzi wa ndengu akikata shilingi tano kwa kilo, tunabishana naye hadi jioni. Lakini muuzaji wa pikipiki mpya ya boda akisema "dipoziti kidogo, halafu mia nne tu kwa siku," tunatia sahihi hapo hapo.

Hiyo "tu" ndiyo inatumaliza. Tuseme dipoziti ni 20,000, na unalipa 400 kila siku kwa siku 540. Jumla ni 236,000. Sasa uliza bei ya keshi ya pikipiki hiyo hiyo. Hiyo tofauti ndiyo ya kubishania, si helmeti ya bure.

Zunguka maduka ya Wote, hata Emali, kabla ya kukubali. Uliza: bima na usajili viko ndani ya bei? Nikimaliza mapema napunguziwa? Nikikosa siku tatu mnaichukua? Logibuku inakuwa yangu lini? Majibu yaandikwe.

Wengine watasema asiye na pesa hawezi kuvutana bei. Zii. Asiyeweza ni mwenye haraka. Muuzaji naye anataka kuuza, na akiona uko tayari kwenda duka la pili, atapiga hesabu upya.