Maji ya Udhu na Lenzi za Usiku: Narejea Kauli Yangu



Wiki hii nilikuwa nimeandaa maneno juu ya mirathi, nayo yatakuja inshaallah wakati wake. Nimeyaweka kando kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Kitale wakati wa likizo, jambo ambalo asili yake ni ulimi wangu mwenyewe. Aliyefundisha hadharani akabainikiwa kuwa alikosea, hana budi kurejea hadharani.

Binti wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka 15, anaishi Muscat pamoja na wazazi wake. Alikuja kutuzuru, na katika mizigo yake mlikuwamo kikebe kidogo chenye vyumba viwili, chupa ya dawa, na kipira kidogo cha kunyonyea lenzi. Mimi nilidhani ni mapambo ya wasichana. Mama watoto ndiye aliyenieleza kuwa mtoto haoni vitu vya mbali, na kwamba daktari wake wa huko alimpa lenzi ambazo huvaliwa usiku wakati wa kulala na kuvuliwa asubuhi. Mchana kutwa hutembea bila miwani wala lenzi, na akasoma ubao wa darasani kutoka kiti cha nyuma.

Nilistaajabu, nikauliza. Lenzi hizi si laini kama zile ambazo wengi wetu tumeziona. Ni ngumu kidogo, za plastiki inayopitisha hewa. Mtu akilala, huibonyeza polepole sehemu ya katikati ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ikawa bapa kidogo, na mwanga ukatua mahali pake. Umbo hilo halidumu. Akiacha kuvaa kwa siku kadhaa, konea hurudi ilivyokuwa na uoni hafifu ukarudi nao. Fikra yenyewe si ya jana. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Chicago, George Jessen, alikuwa akijaribu kunyoosha konea kwa lenzi ngumu zilizovaliwa mchana. Lenzi za kulala nazo ziliidhinishwa Marekani mwaka 2002. Wazazi wengi huzitaka kwa sababu tafiti za watoto, zikiwamo za Hong Kong, zimeonyesha kuwa hupunguza kasi ya jicho kuzidi kudhoofika katika miaka ya kukua. Ni ghali kuliko miwani, na hazimfai kila mtu.

Sasa nije kwenye kosa.

Siku ya kumi hivi ya ziara yake, mtoto aliamka jicho la kulia likiwa jekundu, likitiririka machozi, na hawezi kuutazama mwanga wa dirishani. Alisema anahisi kana kwamba kuna mchanga ndani. Sisi wa Kitale tumezoea vumbi, hasa msimu wa kupukuchua mahindi, kwa hiyo nusura tumwambie aoshe uso akalale. Alhamdulillah, mama watoto alikataa. Tulimfikisha kwa daktari wa macho siku ileile, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: “Lenzi unazisuuza kwa nini?”

Akajibu kuwa kila alfajiri, kabla ya kutawadha, huzivua, akazisuuza kwa maji ya bomba la tangi letu, akaziweka kikebeni. Na siku akiwa na haraka, huzivua hali mikono i majimaji tayari. Daktari alipomuuliza nani aliyemfundisha hivyo, mtoto alinitazama kwa haya, akasema: “Ami, mama aliniambia wewe ndiye uliyesema darasani kuwa lenzi ni kama rangi ya kucha, udhu hausihi nazo, na kwamba vinavyozuia maji lazima viondolewe na vioshwe.”

Nilikumbuka. Ni darasa la kina mama nililolitoa Mombasa, mwezi wa Ramadhani, miaka mingi imepita. Dada mmoja aliuliza juu ya lenzi, nami nikajibu kwa kukisia bila kurejea kitabu. Yule mama akalihifadhi jibu langu, akamrithisha mwanawe.

Hukumu sahihi, dada zangu, ni hii. Kucha ni sehemu ya nje ya mkono, na kuosha mkono ni fardhi. Kikiwapo juu yake kitu kizuiacho maji, fardhi haikutimia. Ama ndani ya jicho si katika sehemu zinazolazimu kuoshwa, si katika udhu wala katika josho la janaba. Katika madhehebu yetu ya Shafi Imam Nawawi ameliweka wazi jambo hili katika Majmuu. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Ibn Umar, Allah amridhie, alikuwa akijitia maji machoni katika josho, lakini wanavyuoni hawakulifanya hilo kuwa wajibu, na wengi wamelichukia kwa sababu ya madhara yake. Kwa hiyo lenzi iliyo ndani ya jicho haibatilishi udhu wala haiuzuii. Mfano nilioutoa wa rangi ya kucha haukuwa mahali pake, na narejea kauli yangu mbele yenu nyote.

Na lau kosa lingekuwa la uzito wa udhu peke yake, lingekuwa jepesi. Daktari alitueleza kuhusu kijidudu kiitwacho akantamiba, ambacho huishi katika maji ya bomba, matangini, visimani na hata katika udongo, na kikijifunika ganda lake hustahimili dawa ya klorini. Tunakoga nacho na kunywa nacho bila kudhurika. Lakini kikinaswa kati ya lenzi na konea usiku kucha, kope zikiwa zimefumba na machozi hayatembei, hupata nafasi ya kuingia. Dawa za kawaida za bakteria hazikiui. Tiba yake huweza kuchukua miezi, na wapo waliopoteza uoni wa jicho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, lenzi hizi zilipoenea kwa kasi huko China na nchi jirani zake, ziliripotiwa kesi nyingi za vijana walioharibikiwa na macho, na kusuuza kwa maji ya bomba kulikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Mtoto wetu Mwenyezi Mungu alimsitiri. Ulikuwa mkwaruzo uliokwisha kuingia uchafu, haukuwa akantamiba. Alitiwa dawa ya matone mchana na usiku kwa siku nyingi, lenzi zikapigwa marufuku, na kabla ya wiki kwisha alikuwa hatambui tena uso wa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Tulimnunulia miwani mjini.

Kwa familia zenye mtoto au mtu mzima anayevaa lenzi hizi, nitasema nilichojifunza kwa daktari. Alfajiri, kama saa za kulala zimetimia, mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe kabisa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha lenzi zivuliwe, na baada ya hapo ndipo mtu atawadhe. Kabla ya kuvua, atie tone la kulainisha na asubiri lenzi icheze. Mara nyingi asubuhi huwa imegandamana na jicho, na kuivuta kwa nguvu ndiko kunakokwaruza. Aliyeamka usiku kwa tahajudi naye anataka kurudi kulala, atawadhe lenzi zikiwa ndani, afumbe macho barabara, maji yapite juu ya kope, akaushe uso bila kufikicha. Udhu wake ni sahihi.

Lenzi huoshwa kwa dawa yake tu. Si maji ya bomba, si ya mvua, si ya chupa yaliyonunuliwa dukani, na wala si ya Zamzam, maana nimeulizwa hata hilo. Baraka ya Zamzam ni kwa kunywa. Mate ndiyo kabisa. Dawa ya jana imwagwe, isiongezewe mpya juu yake. Kikebe kiachwe wazi kikauke, na kibadilishwe kila miezi mitatu. Ziko dawa nyingine zenye haidrojeni peroksaidi, ambazo lenzi hukaa ndani yake saa sita au zaidi katika kikebe chake maalumu. Hizo zikiingia jichoni kabla ya muda huo huunguza vikali.

Dada zangu wa pwani wana mtihani wao: wanja. Upakwe mchana, lenzi zikiwa zimevuliwa, na uoshwe wote kabla ya kulala. Mikono iliyotoka kupaka mafuta ya nazi nyweleni isiguse lenzi, kwani mafuta hushika na hayatoki upesi. Na kwa wanaofunga, matone ya macho hayafunguzi katika madhehebu yetu, kwa kuwa jicho si tundu lililo wazi kwenda tumboni. Msiache dawa kwa kuogopa saumu.

Jicho likiwa jekundu, likiuma au likichukia mwanga, lenzi zisivaliwe usiku huo, na daktari aonwe siku hiyohiyo. Sisi wa Kitale na Bungoma tunayo Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga. Chukueni na lenzi pamoja na kikebe chake, bila kukiosha, maana daktari atataka kukipima.

Nimekwisha kumpigia simu mama wa mtoto nikamwomba radhi. Akaniambia kuwa jibu langu lile la zamani alilipeleka kwa shoga zake wawili, mmoja Lamu na mmoja Malindi, na binti zao wanavaa lenzi. Huenda mmoja wao ni msomaji wa safu hii. Ikiwa ni wewe, dada yangu, usingoje wiki ijayo. Mwambie binti yako leo, kabla ya alfajiri.

Wallahu aalam.